Mpangilio wa Hatua za Kusafisha Gari kwa Kina: Kipi Kitangulie, Kipi Kifuate na kwa Nini

Kusafisha gari kwa kina, kazi ambayo mafundi huiita ditelingi, ni msururu wa hatua kumi na kitu, na karibu kila moja inaweza kuharibu nyingine ikifanywa wakati usio wake. Waksi ikitangulia polishi, polishi itaifuta yote. Udongo wa kusafishia rangi, yaani kipande laini cha kufinyangwa kinachong'oa uchafu uliojichomeka, ukija baada ya polishi, utarudisha mikwaruzo uliyotoka kuiondoa. Rimu zikioshwa mwisho, maji machafu ya vumbi la breki yanarukia bodi ambayo tayari ni safi. Unaweza kuwa na dawa nzuri kabisa na gari bado likatoka na ukungu, madoa ya maji na mistari, kwa sababu ya mpangilio tu.

Huna haja ya kukariri orodha. Kwa kila hatua jiulize mambo matatu: uchafu wake utaangukia wapi? Itaacha nini juu ya rangi? Inahitaji muda gani kukauka? Swali la kwanza ndilo linalofanya injini na rimu zitangulie bodi. La pili ndilo linalopanga dawa, udongo, polishi na waksi. La tatu ndilo linalofanya siti zioshwe mapema, hata kama watu wengi huziacha mwisho.

Mlolongo tunaoupendekeza ni huu: ndani ya gari kwanza, kufyonza vumbi na kuosha vitambaa, kisha injini, tairi, rimu na matao yake, fremu za milango, povu, kuosha bodi kwa ndoo mbili, dawa ya kuyeyusha chembe za chuma, dawa ya lami, kuosha tena, udongo, kukausha, kukagua na kubandika tepu, kompaundi (polishi kali inayokata zaidi), polishi, kufuta mafuta ya polishi, kinga, iwe waksi au nyingine, plastiki za nje na tairi, na mwisho vioo pamoja na mguso wa mwisho wa ndani.

Ndani kwanza, isipokuwa vioo

Watu hubishana sana hapa, na kila upande una hoja yake. Sisi tunasimama na ndani kwanza kwa sababu mbili. Ukikung'uta mazulia na kupuliza matundu ya kiyoyozi, vumbi linatoka milangoni na kutua kwenye bodi. Afadhali litue kwenye bodi chafu. Pia siti na kapeti zilizooshwa kwa maji huchukua saa kadhaa kukauka, na saa hizo ndizo utakazotumia nje. Ukiziosha mwisho, utamkabidhi mwenye gari siti zenye unyevu, na baada ya siku mbili gari linanuka uvundo.

Toa vitu vyote na mazulia. Anza juu: dari, kisha dashibodi na matundu ya hewa kwa brashi laini, kisha milango, siti, na kapeti mwisho. Fyonza vumbi kabla ya kutia maji popote, bila kuharakisha, mpaka kwenye reli za siti na mikunjo ya mishono. Vumbi likikutana na shampuu linakuwa tope, na tope hilo linazama ndani ya kitambaa badala ya kutoka.

Dawa ya kusafishia vitu vyote ichanganywe sehemu 1 kwa sehemu 10 za maji kwa ajili ya plastiki na vitambaa, na inyunyiziwe kwenye kitambaa au brashi, si moja kwa moja kwenye dashibodi yenye swichi na skrini. Dari iguswe kwa uangalifu mkubwa: kitambaa chake kimegandishwa kwa gundi, na maji mengi huiachia gundi hiyo, dari ikaanza kuning'inia. Paka povu kidogo, futa, basi.

Siti za kitambaa ukishazisugua, vuta maji kwa mashine ya kufyonzea maji mpaka yanayotoka yawe yamepungua kabisa, kisha acha vioo wazi kidogo. Za ngozi zisafishwe kwanza, na mafuta ya kulainishia yafuate zikishakauka. Mafuta yakipakwa juu ya ngozi chafu, yanaufungia uchafu ndani na siti inabaki inang'aa kama imepakwa samli.

Injini, kama unaiosha

Dawa ya kuondoa grisi na maji meusi ya injini hutiririkia madigadi, bampa na kioo cha mbele, ndiyo maana injini haiwezi kuja baada ya bodi. Injini iwe vuguvugu. Ikiwa ya moto, dawa itakauka na kuacha madoa, tena maji baridi juu ya chuma cha moto si jambo jema. Funika kwa mifuko ya plastiki alteneta, boksi la fyuzi, betri na mdomo wa kuingizia hewa. Tumia maji ya presha ndogo, kisha puliza na ukaushe kabla ya kuwasha. Kama gari ni la zamani na nyaya zake zimeanza kupasuka, acha mpira wa maji kabisa: brashi, dawa na kitambaa chenye unyevu vitatosha.

Tairi na rimu

Subiri breki zipoe. Dawa ikinyunyiziwa kwenye rimu ya moto hukauka papo hapo na kuacha doa lisilofutika, na diski ya breki iliyo moto inaweza kupinda ikimwagiwa maji baridi.

Rimu ziwe na ndoo yake, brashi zake na vitambaa vyake, na vitu hivyo visiguse bodi kamwe. Vumbi la breki ni chembe za chuma zenye ncha. Chembe chache tu zikibaki kwenye glavu ya kuoshea, utachora boneti nzima. Fanya gurudumu moja moja: matao ya ndani, kisha tairi, kisha rimu. Tairi litangulie rimu kwa sababu maji ya kahawia yanayotoka kwenye mpira huchuruzika juu ya rimu. Kwa mpira, dawa ya vitu vyote iwe nzito zaidi, 1 kwa 4, na usugue mpaka povu litoke jeupe. Tairi lisilosafishwa vizuri ndilo linalokataa kushika dawa ya kung'arisha baadaye.

Kuosha bodi bila kuikwaruza

Fungua milango, nyunyiza dawa kwenye fremu na bawaba, futa kwa kitambaa. Usitumie mashine ya presha hapo. Siti zako zimeshaoshwa.

Kisha suuza gari zima, piga povu, na liache likae dakika 3 hadi 5 bila kukauka. Kazi ya povu ni kulegeza mchanga na kuuteremsha kabla mkono haujagusa rangi. Suuza kwa presha, mdomo wa mashine ukiwa umbali wa sentimita 30 au zaidi, na mbali zaidi pale rangi ilipoanza kubanduka.

Sasa ndoo mbili: moja ya shampuu, moja ya maji matupu ya kusuuzia glavu, kila moja na wavu chini ili mchanga ukitua usirudi juu. Chovya kwenye shampuu, osha paneli moja, suuza glavu kwenye maji, rudi kwenye shampuu. Anzia paa, shuka vioo, boneti, buti, juu ya milango. Sehemu za chini na bampa ya nyuma ziwe za mwisho, kwani ndizo zenye mchanga mwingi. Vuta glavu kwa mistari iliyonyooka. Fanya yote kivulini, kwenye bati lililopoa: shampuu ikikauka juani huacha alama za maji ambazo baadaye zitadai polishi.

Chuma, lami, kisha udongo

Sehemu hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoamua kama polishi itafanya kazi yake. Vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na upitishe vidole juu ya boneti iliyooshwa. Ukihisi chenga kama msasa laini, rangi bado ina uchafu uliojichomeka. Ukiipolishi hivyo, pedi (sponji ya mashine ya polishi) itazing'oa chenga hizo na kuzizungusha juu ya rangi mara elfu kadhaa kwa dakika.

Kanuni ni kwamba kinachoweza kuyeyushwa kiyeyushwe kabla ya kukwanguliwa. Nyunyiza dawa ya kuyeyusha chuma kwenye bodi iliyopoa, iache dakika 3 hadi 5. Utaona vitone vya zambarau vikianza kuchuruzika, hasa nyuma ya magurudumu na kwenye milango ya chini; hiyo ni chuma ikiyeyuka. Inanuka vibaya, kama yai viza, kwa hiyo vaa glavu za mpira na fanyia kazi penye hewa. Suuza kwa maji mengi kabla haijakauka.

Lami ifuate. Kausha sehemu za chini kidogo, weka dawa ya lami kwenye kitambaa, kandamiza juu ya vitone vyeusi sekunde 30 hivi, kisha futa bila kusugua. Wapo wanaoanza na lami. Shida yake ni kwamba dawa ya lami huacha utando wa mafuta, na dawa ya chuma iliyotengenezwa kwa maji haipenyi mafuta. Ukianza nayo, ni lazima uoshe kwa shampuu katikati. Kwa mpangilio wetu unaosha mara moja tu, baada ya lami, kuondoa mabaki ya zote mbili.

Udongo ni wa mwisho katika kundi hili. Kata kipande cha gramu 50 hivi, kibonyeze kiwe bapa kama upana wa vidole vitatu. Lowesha eneo la sentimita 50 kwa 50 kwa kilainishi kingi, na usogeze udongo kwa mistari iliyonyooka bila kukandamiza. Mwanzoni unakwaruza na kutoa sauti. Chenga zikiisha unateleza kimya. Ukunje kila baada ya paneli ili upate uso safi. Udongo ukianguka chini, utupe hata kama ni mpya, kwa maana punje moja ya mchanga itaharibu zaidi ya thamani ya kipande hicho. Udongo huacha mikwaruzo midogo karibu kila mara, hasa kwenye rangi nyeusi. Ndiyo maana unakaa kabla ya polishi, na ndiyo maana kama hukusudii kupolishi, ni bora uutumie pale tu penye chenga.

Suuza, kisha kausha kwa kipulizio na taulo kubwa la maikrofaiba. Usisahau vioo vya pembeni, vitasa, taa na chini ya nembo: maji yaliyojificha huko yatatoka mara tu mashine ya polishi itakapotikisa paneli, na yatachuruzika juu ya kazi yako.

Kukagua na kubandika tepu

Wakati wa kuitazama rangi ni huu, ikiwa safi na kavu. Mulika taa kali kwa pembe. Utaona mikwaruzo ya duara kama utando wa buibui, mistari mirefu, na pengine sehemu zilizopakwa rangi upya. Kama una kipimo cha unene wa rangi, kipitishe kila paneli. Tabaka la juu lisilo na rangi, ambalo ndilo unalolikata kwa polishi, mara nyingi lina mikroni 35 hadi 50 tu (mikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita), na kipimo cha kawaida hukuonyesha jumla ya tabaka zote. Paneli iliyo nyembamba sana kuliko jirani zake imeshakatwa huko nyuma. Iache na polishi laini tu. Iliyo nene mno imepakwa upya au imewekwa pati, ile lipu ya kuzibia mabonde.

Bandika tepu kwenye raba za vioo, plastiki nyeusi, nembo na kingo kali za paneli. Kwenye kingo rangi huwa nyembamba na pedi hukandamiza zaidi, hivyo ndiko rangi huungua kwanza. Polishi ikiingia kwenye plastiki yenye chembechembe inakauka nyeupe, na kuitoa ni kazi ya mswaki na saa nzima.

Kompaundi, kisha polishi

Chagua eneo moja la sentimita 50 kwa 50, boneti au buti, ulifanyie jaribio. Anza na kilicho laini: pedi laini na polishi laini. Kikiondoa mikwaruzo, huna haja ya kompaundi kabisa, na umeokoa mikroni ambazo gari litazihitaji miaka ijayo. Kikishindwa, panda ngazi moja: badili polishi kwanza, kisha pedi. Ukipata mchanganyiko unaofanya kazi, ndio utakaotumia gari zima.

Matone 4 au 5 ya ukubwa wa njegere yanatosha kwa eneo hilo. Yapakaze kwa kasi ndogo, kisha pandisha kasi na upite mara 4 hadi 6, kwenda na kurudi halafu juu na chini, kila mstari ukilala nusu juu ya uliotangulia. Mkono uende polepole, sentimita 3 hivi kwa sekunde, pedi ikiwa bapa. Kama umeanza sasa, tumia mashine inayozunguka huku ikitikisika. Ile ya mzunguko mmoja wa moja kwa moja hukusanya joto haraka na inaunguza rangi. Gusa bati mara kwa mara. Mkono ukishindwa kutulia juu yake, simama.

Safisha pedi kwa brashi baada ya kila eneo na uibadilishe inapolowa. Watu hulaumu kompaundi kuwa haikati, kumbe pedi imeziba.

Je, umalize kompaundi na polishi paneli kwa paneli, au gari zima kwa kompaundi kwanza? Gari zima kwanza. Kompaundi inatoa vumbi, na vumbi hilo lina uwezo wa kukwaruza. Likitua kwenye paneli ulizokwisha kuzimaliza, utalifuta kwa kitambaa na kurudisha mistari. Maliza kompaundi kote, futa, badili pedi, ndipo uanze polishi. Kompaundi huacha ukungu mwepesi, hasa kwenye rangi nyeusi na ya samawati iliyokolea, na kazi ya polishi ni kuuondoa ukungu huo.

Futa mafuta, ndipo uweke kinga

Polishi ina mafuta yanayojaza mikwaruzo na kukudanganya macho. Changanya alkoholi ya isopropili na maji safi, alkoholi iwe asilimia 10 hadi 15, nyunyizia kitambaa na ufute paneli zote. Tazama tena kwa taa. Mikwaruzo ikijitokeza hapa, rudi nyuma sasa. Ukishaweka kinga umechelewa.

Kinga hukaa juu ya rangi tupu, na ndiyo sababu ya mpangilio huu wote. Waksi ipakwe nyembamba kiasi cha kuonekana kama pumzi kwenye kioo. Isubiri ikauke, kisha buruta kidole: kikiacha mstari safi, futa; kikipakaza mafuta, ngoja. Waksi nene haidumu zaidi, inaongeza jasho la kufuta tu. Kinga ya kemikali (silanti) ikitumika pamoja na waksi, itangulie yenyewe na iachwe igande kwa saa zilizoandikwa kwenye chupa, halafu waksi juu. Ukigeuza, kinga itashika waksi badala ya rangi, na itaondoka nayo.

Kinga ya seramiki, dawa ya maji inayoganda na kuwa ngumu juu ya rangi, haisamehe. Paka eneo dogo, subiri uone rangi za upinde wa mvua, sawazisha kwa taulo moja na umalizie kwa jingine. Doa lililobaki likigumu halitoki kwa kitambaa; linadai polishi. Gari lisiguswe na maji kwa saa 24, na lisioshwe kwa shampuu kwa wiki moja hivi.

Plastiki, tairi na vioo

Toa tepu, futa mabaki ya polishi kwenye mifereji, kisha paka dawa ya plastiki na ya tairi. Tairi lipate tabaka jembamba, na ufute ziada baada ya dakika 10. Ukiondoka likiwa bichi, gurudumu litarusha vitone vyeusi kwenye milango uliyoing'arisha siku nzima.

Vioo ni vya mwisho kwa sababu kila hatua iliyotangulia imevirushia kitu. Shusha dirisha kidogo ili ufikie ukingo wa juu. Futa ndani kwa mistari ya wima na nje kwa mistari ya mlalo; ukiona mstari, mwelekeo wake unakuambia uko upande gani. Kisha futa dashibodi vumbi jepesi na urudishe mazulia makavu.

Ukiwa na nusu siku tu

Kata kwa mpangilio. Cha kwanza kuacha ni injini. Kisha kompaundi. Kisha polishi yote pamoja na udongo: hivyo viwili viondoke pamoja, kwani udongo bila polishi huacha mikwaruzo, na polishi bila udongo inazisambaza chenga zilizojichomeka. Zilizobaki ni kufyonza vumbi, rimu, povu, ndoo mbili, dawa ya chuma, waksi na vioo. Saa 3 au 4 zinatosha.

Gari lenye rangi isiyong'aa halipolishiwi wala kupakwa waksi ya kawaida hata kidogo, kwa sababu litapata mabaka yanayong'aa yasiyorekebishika. Linahitaji shampuu na kinga zake maalumu. Na gari lililotoka kupakwa rangi lisifungiwe kwa waksi wala seramiki mpaka rangi imalize kutoa hewa ya kemikali zake. Muulize fundi aliyelipaka muda wa rangi aliyotumia, na hadi hapo lioshwe tu kwa shampuu laini na kukaushwa.